Tumbo la Jumanne: maabara, hofu na darasa la wanafunzi 68

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kemia na Biolojia katika sekondari ya kata, ya kutwa, Tanzania. Mkondo wangu wa sayansi Kidato cha Tatu una wanafunzi 68. Kila Jumanne, siku ya maabara, watano au sita huomba ruhusa wakiumwa tumbo au kichwa, na mwezi uliopita wasichana wawili walianguka humohumo maabara. Alama za jaribio la kila wiki tunazibandika kwenye ubao wa matangazo, kuanzia wa kwanza hadi wa 68. Mwenzangu wa Fizikia huwachapa wanaopata chini ya 40. Mkuu wa shule anataka kuleta mhamasishaji na kuongeza vipindi vya Jumamosi. Je, watoto wa siku hizi ni legelege, au tunakosea sisi? Nifanye nini bila bajeti na bila kushusha kiwango? Halafu kuna binti mmoja, daftari lake ni zuri kuliko yote, anataka kuhamia mkondo wa sanaa. Nimwache?

Jibu: Mwalimu, pole na majukumu. Mwombe mkuu amwahirishe huyo mhamasishaji kwa muhula mmoja. Tumbo linalouma kila Jumanne na kupona Jumatano lina ratiba, na kitu chenye ratiba hutafutwa kwanza kwenye ratiba, kabla ya kutafutwa moyoni mwa mtoto.

Siku hizi ustawi wa mwanafunzi umegeuzwa kuwa kitu kinachokaa ndani yake peke yake: akaze moyo, abadili mtazamo, afundishwe kupumua. Hayo si mabaya, lakini yana gharama. Mtoto akiambiwa mbele ya shule nzima kwamba sayansi si ngumu, ni uamuzi wako tu, kisha Jumanne akashindwa tena kusoma bureti, ule mrija wa kioo wenye vipimo, ambayo hajawahi kuishika, anabaki na maelezo mamoja: mbovu ni yeye. Hata utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu kubadili mtazamo, uliochapishwa 2019 na kuhusisha wanafunzi wapatao 12,000 wa darasa la 9, ulipandisha wastani wa wenye alama za chini kwa takriban sehemu moja ya kumi ya pointi ya GPA (kipimo chao cha wastani wa alama), na ulifaa zaidi pale ambapo wanafunzi wenzao walikuwa wakiunga mkono juhudi hizo. Faida ipo, ni ndogo, na bado inategemea darasa lilivyo. Basi tuanzie darasani.

Chunguza kwa wiki mbili kwanza

Usibadilishe kitu bado. Chukua daftari, piga mistari ya safu tano: tarehe, nani, dalili gani, ilianza lini (usiku wa jana, asubuhi, mlangoni mwa maabara, katikati ya kipindi), na alikula nini kabla ya kuja. Kwa wiki mbili utaona makundi mawili. Wenye dalili siku ya maabara tu, hao tatizo lao liko maabara. Wenye dalili siku zote, hata Jumapili, ni habari nyingine, nitawarudia chini.

Kisha gawa vikaratasi, nusu ya ukurasa kwa kila mmoja, na maswali mawili kwa Kiswahili: "Ni wakati gani katika kipindi moyo wangu hudunda?" na "Naogopa kitatokea nini?" Hakuna jina. Wakunje, na mwanafunzi mmoja ndiye akusanye kwenye boksi. Zoezi hili hufa kwa njia mbili: mwalimu anasoma kwa sauti kile kinachochekesha, au anaanza kukisia miandiko. Likitokea mara moja tu, mwaka mzima hutaambiwa ukweli tena. Ukilinda siri, usishangae kukuta wachache sana wameandika kwamba Kemia ni ngumu. Tarajia majibu kama kuitwa ubaoni, kuvunja bika na kulipishwa, kunyonya pipeti (mrija wa kupimia kimiminika) kwa mdomo, kuchekwa Kiingereza.

Wale wawili walioanguka

Kuanguka maabara si lazima kuwe hofu, wala mapepo. Anza na mwili. Mtoto wa shule ya kutwa ametembea mwendo mrefu bila chai, kipindi ni saa sita mchana, amesimama dakika 80 bila kusogea na damu inatuama miguuni. Huyo ataanguka hata kama anaipenda Kemia. Omba kipindi cha maabara kihamie asubuhi, waketi kila pasipo na ulazima wa kusimama, na kuwe na maji ya kunywa nje ya mlango. Nje, nasisitiza, kwa sababu ndani ya maabara hakuliwi wala hakunywewi.

Halafu hewa. Katika uchambuzi wa chumvi, ukipasha nitrati ya risasi hutoka nitrojeni dioksidi, ule moshi wa kahawia, na ni sumu. Chumvi za amonia zikikutana na alkali hutoa amonia, inayochoma macho na koo. Vikundi kumi vikipasha kwa pamoja na madirisha yamefungwa kwa sababu upepo unazima vichomeo, kichwa kitawauma kwa haki kabisa. Kiasi kiwe cha ncha ya kijiko cha chai, wapashe kikundi kimoja baada ya kingine, karibu na dirisha ambalo upepo unatokea kwenda nje. Mwenye pumu asimame upande upepo unakotoka. Akianguka mtu: mlaze chali, inua miguu yake, legeza kola, toa watu. Asipopata fahamu ndani ya dakika moja, mgeuze alale ubavu na mpelekeni kituo cha afya.

Wakianguka watatu, wanne mfululizo, hilo ni jambo tofauti, na kumbukumbu yake maarufu tunayo hapahapa. Kicheko kisichozuilika cha shule ya wasichana ya Kashasha, mkoani Kagera, kilianza kwa wasichana watatu tarehe 30 Januari 1962 na kikawapata 95 kati ya wanafunzi 159. Shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Waganga hawakuona sumu wala maambukizi, na wasichana waliporudishwa makwao kicheko kikaibuka vijijini, Nshamba ikiwa mojawapo. Kwa hiyo likitokea, tenganisha kimya kimya, wengine waendelee na kipindi kwingine, na usiitishe mkusanyiko wa maombi uwanjani. Watazamaji wengi huongeza waangukaji.

Lugha inavyomfanya mwerevu aonekane mjinga

Katika Kiswahili cha nyumbani barafu huyeyuka, na sukari kwenye chai nayo huyeyuka. Ni kitenzi kimoja. Kiingereza kina viwili, "melt" na "dissolve", na mtahini anavitofautisha. Mtoto anayeandika kwamba sukari "melts" kwenye maji hajakosea Kemia. Ametafsiri vizuri kutoka lugha anayofikiria kwayo. Ukimsahihisha kwa kicheko, anajifunza jambo moja tu: afadhali kuacha wazi.

Maneno mapacha ya namna hii ni mengi kuliko tunavyodhani. "Nguvu" hubeba vitu vinne ambavyo Fizikia inavitenga: kani, nishati, kasi ya kufanya kazi, na ubavu wa mtu. "Uzito" hubeba masi pia. "Joto" ni lile linalosafiri na lile linalopimwa kwa kipimajoto, ndiyo maana wanaisimu walilazimika kutupa "halijoto". "Chumvi" mtoto anaijua ni ya mboga, leo anaambiwa salfeti ya shaba nayo ni chumvi na asiionje. Kwenye Biolojia "mdudu" ni nzi, ni minyoo, ni bakteria, ni buibui. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ya 1990 ilikwishafanya sehemu kubwa ya kazi hii. Ikiwa shule haina nakala, andika orodha yako mwenyewe.

Mtihani utakuja kwa Kiingereza, na hilo wewe na mimi hatulibadilishi muhula huu. Wanaharakati wa lugha wana hoja nzito. Mradi wa LOITASA, wa utafiti kuhusu lugha ya kufundishia, ulioanza 2002, wakiwemo Birgit Brock-Utne na Martha Qorro, ulionyesha jinsi wanafunzi wanavyoshiriki zaidi wanapofundishwa sayansi kwa Kiswahili. Lakini wewe una Jumanne. Fanya hivi: uliza swali, wape dakika moja wajadili na jirani kwa Kiswahili, kisha waandike sentensi moja kwa Kiingereza wakifuata kiunzi ulichoandika ubaoni chenye nafasi mbili tu za kujaza. Kufikiri kwa Kiswahili, kuandika kwa Kiingereza, kila kipindi, mara tatu. Kona ya ubao iwe na maneno mapacha mawili ya siku hiyo, si zaidi ya mawili.

Hapa walimu huteleza pande zote mbili. Wengine hutafsiri kila sentensi papo hapo, na darasa linazoea kuziba masikio kwenye Kiingereza na kungoja Kiswahili. Wengine humvalisha mtoto kibao kwa kusema lugha yake. Wa kwanza anapoteza mtihani. Wa pili anampoteza mtoto na mtihani.

Maabara yenyewe

Hapa ndipo penye mzizi, na nitakaa kidogo.

Tuanze na kunyonya. Kama bado mnajaza pipeti kwa mdomo, acheni kesho. Mtoto anayeogopa kumeza hidroksidi ya sodiamu haogopi kitu cha kufikirika. Alkali hiyo inaunguza mdomo na koo. Kama hakuna kijazio cha mpira, nunua duka la dawa mabomba ya sindano ya mililita 50 au 60, yasiyo na sindano, na kipande cha sentimita 5 cha mpira laini kinachobana shingo ya pipeti upande mmoja na ncha ya bomba upande wa pili. Bomba la mililita 20 halitoshi kwa pipeti ya 25. Litaishia njiani na mtoto atalichomoa, kimiminika kianguke chote. Mpira ukilegea, hewa itaingia na kimiminika kitashuka polepole huku mwanafunzi akidhani amekosea yeye. Funga kwa uzi.

La pili ni vikundi. Katika kikundi cha watu 15 mmoja hushika vifaa, mmoja huandika, 13 hunakili. Mara nyingi anayeshika ni mvulana na anayeandika ni msichana mwenye mwandiko mzuri. Sasa fikiria binti yako wa daftari zuri: inawezekana kabisa kwamba kwa miezi yote hii hajawahi kugeuza bomba la bureti, kwa sababu kila mtu anamhitaji kwenye kalamu. Anajua kwamba kwenye mtihani wa vitendo atakuwa peke yake na bureti. Hofu yake ina hesabu nzuri kuliko matumaini yetu.

Gawa 68 mara mbili. Nusu, yaani 34, waingie maabara kwa dakika 40, nusu wabaki darasani na kazi ya kuandika ya mada hiyohiyo, chini ya mtunza maabara au kiranja, kisha wabadilishane. Maabara wakae wannewanne, kila mmoja na kazi: mshika vifaa, msoma maelekezo, mwandishi, mkaguzi wa vipimo. Kila dakika 7 piga kengele, kazi zizunguke. Mara nne kwa 7 ni 28, unabakiwa na 12 za kupanga na kuosha. Wiki ya kwanza kutakuwa na fujo na kazi haitaisha. Usirudi nyuma, ya tatu itatulia.

Vifaa havitoshi vikundi tisa? Ndiyo, najua. Ndiyo sababu mazoezi ya mkono hayahitaji kioo. Titresheni ya kwanza, yaani kupima ni asidi kiasi gani inayomaliza alkali, ifanyike kwa magadi na ndimu:

1. Chemsha maji mililita 200, tia rozela kavu kiasi cha kiganja kimoja kidogo, acha dakika 10, chuja. Hicho ndicho kiashiria. Kitumike siku hiyohiyo.
2. Koroga nusu kijiko cha chai cha magadi yaliyopondwa katika maji mililita 250, acha yatulie, tumia maji ya juu yaliyo safi.
3. Kamua ndimu au limau, chuja nyuzi, changanya kipimo 1 cha maji yake na vipimo 4 vya maji.
4. Kwa bomba la sindano pima mililita 5 za magadi kwenye glasi, weka juu ya karatasi nyeupe, tia matone 10 ya rozela. Rangi itaelekea kijani au bluu chafu.
5. Kwa bomba jingine la mililita 10 ongeza ndimu polepole ukitikisa, hadi iwe ya waridi na ibaki hivyo kwa sekunde 30. Soma umetumia kiasi gani. Rudia mara tatu.

Kwa vipimo hivi jibu mara nyingi halitakuwa mbali na mililita 5, lakini ndimu hazilingani na magadi hayalingani, kwa hiyo kinacholinganishwa ni marudio ya kikundi kimoja, si kikundi na kikundi. Badiliko la rangi halitakuwa la ghafla kama la methili oranji, kiashiria cha maabara, kwa sababu kaboni dioksidi inayotoka inavuruga. Waambie mapema, la sivyo watadhani wameharibu. Rozela ikigeuka kahawia, magadi ni makali mno au kiashiria kimelala.

Baada ya hapo ndipo wapewe bureti, kwanza ya karatasi. Chora kipande chake kwenye manila, kuanzia 22 juu hadi 25 chini. Kosa kubwa ni kusoma kwenda juu kama rula: kimiminika kiko 23.4, mtoto anahesabu vigawanyo sita kutoka 24 kupanda, anaandika 24.6. Kosea mwenyewe ubaoni, waache wakukamate. Dakika kumi za kazi hiyo huondoa makosa ambayo Jumamosi tano hazitayaondoa.

Na kuvunja. Tangaza sheria moja: aliyevunja akiwa anafuata maelekezo halipi, aliyevunja akicheza analipa. Mtoto ambaye nyumbani kwao bei ya bureti ni chakula cha wiki, akijua atalipa kwa vyovyote, ataweka mikono mfukoni na kujitolea kuwa mwandishi milele.

Kuna jambo moja linalokera zaidi ya yote haya: kupika matokeo. Wanafunzi wanapata fununu ya namba aliyoipata mwalimu, wanaandika marudio matatu yanayofanana ajabu, na wote tunajifanya hatuoni. Hofu ya jibu lisilofanana ndiyo inayowafundisha udanganyifu. Tenga alama 2 kati ya 10 za kila zoezi kwa mwanafunzi anayeeleza kwa nini matokeo yake yametofautiana. Mtihani wa taifa hautampa alama hizo, lakini atazoea kutazama anachokifanya, na huko alama zipo.

Ubao wa matangazo na fimbo

Ondoa ile orodha. Ikiwa mkuu anahitaji hoja, mkumbushe kwamba Baraza la Mitihani lenyewe, likitangaza matokeo ya Kidato cha Nne Januari 2023, liliacha kutaja shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Baraza limeacha, sekondari ya kata inaendelea kwa faida ya nani? Wa 61 hadi wa 68 wanajijua tangu Kidato cha Kwanza. Orodha haiwaambii wafanye nini Jumatano.

Kinachowaambia ni maelezo. Ruth Butler, katika jaribio lake Israel lililochapishwa 1988, alikuta wanafunzi waliopewa maoni tu walifanya vizuri zaidi na kubaki na hamu, lakini waliopewa alama hawakupata faida hiyo, hata walipopewa alama pamoja na maoni. Wanatazama namba, wanafunga daftari. Kwa karatasi 68 huwezi kuandika insha, kwa hiyo tumia herufi pembeni ya kosa: L ni lugha, V vipimo na vizio, H hesabu, D dhana, S hakusoma swali. Rudisha karatasi bila alama. Wape dakika 20 warekebishe makosa mawili. Alama ziko kwenye daftari lako. Watazipata kesho yake, mmojammoja. Utagundua pia kitu kwa faida yako: darasa lenye L nyingi na D chache halihitaji kurudiwa mada.

Kuhusu mwenzako wa Fizikia, Waraka wa Elimu Na. 24 wa 2002 hauachi nafasi ya ubishi. Viboko ni mamlaka ya mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, kwa kosa kubwa la nidhamu, na viandikwe. Kupata 38 si kosa la nidhamu. Usigombane naye mbele ya wenzake. Lipeleke kwa mkuu kama suala la dhamana yake yeye, maana ndiye atakayeulizwa. Na kama mwenzako ni mtu wa kusikiliza hoja ya kazi, mwambie hivi: hesabu hufanyika kwenye sehemu ndogo sana ya akili, ile inayoshikilia namba wakati unazikokotoa. Ashcraft na Kirk walionyesha mwaka 2001 kwamba wasiwasi wa hisabati hula sehemu hiyohiyo. Mtoto anayesikilizia fimbo hana pa kuweka 0.1 na 25 kwa wakati mmoja.

Kuuliza bila kuchekwa

Kila mwalimu wa sayansi nchini amesikia habari ya Erasto Mpemba: mwaka 1963, Magamba sekondari, maziwa ya moto ya aiskrimu yakaganda kabla ya yaliyopoa. Tunapenda kusimulia mwisho wake, makala ya 1969 pamoja na Denis Osborne, mhadhiri wa Fizikia. Mimi ningependa mwalimu asome katikati. Alipouliza darasani aliambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu, na wenzake wakaendeleza utani huo kila alipokosea. Alivumilia. Wangapi hawakuvumilia? Osborne naye, alipoulizwa alipotembelea Mkwawa, shule ambako Mpemba aliendelea na masomo, alidhani kijana amekosea. Tofauti ni kwamba aliahidi kujaribu, na akaenda kujaribu. Wanasayansi bado wanabishana kama jambo lenyewe ni la kweli, na hilo halipunguzi kitu.

Tumia kipande cha manila kiitwe ubao wa maswali. Swali usilolijua, lisilo na muda, au linaloonekana la kijinga, liandikwe pale na mwenyewe aliyeuliza. Ijumaa chagueni moja. Na ukiuliza wewe, nyamaza. Mary Budd Rowe alipima madarasa ya sayansi ya Marekani miaka ya 1970 akakuta walimu husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumrukia mwingine. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka na waliokuwa kimya wakaanza kusema. Kwa mtoto anayetafsiri kichwani, hesabu hadi tano.

Ya kuacha, na Jumamosi

Utashauriwa uwaambie waandike hofu zao dakika kumi kabla ya mtihani. Wazo hilo lilichapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2011 likavuma. Liliporudiwa kwa uangalifu, katika kazi iliyotoka 2018, matokeo hayakujirudia. Katika kazi hiyohiyo ya marudio, utafiti mwingine wa Science wa 2011, wa Karpicke na Blunt, ulisimama imara: kujikumbusha ulichosoma bila kutazama daftari hufundisha kuliko kuchora ramani ya dhana huku kitabu kiko wazi. Kwa hiyo fungua kila kipindi kwa maswali matano ya dakika 6, mawili ya jana, mawili ya wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Wajisahihishe wenyewe. Yasiwe na alama kabisa. Ukiyawekea alama yanageuka jaribio jingine la kuumiza tumbo.

Hayo matano ndiyo mbadala wako wa Jumamosi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na anayepiga msuli hadi usiku wa manane kisha akaamka saa kumi alfajiri hajafika hapo. Mpendekezee mkuu wiki sita za majaribio, ukihesabu vitu viwili: maswali yaliyoachwa wazi kwenye jaribio la wiki, na wasiohudhuria maabara. Usimwahidi kwamba wastani utapanda ndani ya wiki sita. Idadi ya yaliyoachwa wazi ndiyo hushuka kwanza.

Wale wa Jumapili

Wenye dalili siku zote hawaponi kwa bureti. Mtoto aliyeacha kula au kulala kwa zaidi ya wiki mbili, aliyejitenga na marafiki, anayetoa vitu vyake kuwapa wengine, anayesema heri asingekuwepo, au mwenye majeraha asiyoyaeleza: huyo zungumza naye siku hiyohiyo, faraghani lakini mahali panapoonekana. Muulize waziwazi kama amefikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Usimwahidi siri utakayoshindwa kuitunza. Mhusishe mwalimu wa ushauri na unasihi, ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya, na kituo cha afya. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo. Kama unahisi hatari iko nyumbani, usimwite mzazi kabla ya kuongea na ustawi wa jamii.

Binti wa daftari

Usimzuie na usimsukume. Muulize mambo matatu: anataka kwenda wapi baada ya Kidato cha Nne, nani amemshauri ahame, na kama Jumanne isingekuwepo angebaki na shida gani. Akisema anaipenda Historia, aende, na wewe uwe wa kwanza kukemea atakayesema vipanga wako sayansi na vilaza wako sanaa. Ubaguzi huo umewaweka kwenye Kemia wengi wasioitaka.

Akisema ni maabara, mpe wiki sita. Awe mshika vifaa katika zamu ya kwanza, si ya nne, ili asikae akiingoja. Mtu mwingine aandike, hata kama mwandiko ni wa kuku. Mpe magadi na ndimu arudie peke yake mchana mmoja, bila mtazamaji, hadi marudio yake matatu yakaribiane. Mwandikie kwenye karatasi tarehe ambayo bado ataruhusiwa kuhama, ili asione amefungiwa. Na tangu leo aazime daftari la Historia kwa rafiki yake wa mkondo ule, anakili kila wiki, asije akahama akiwa nyuma kwa mada mbili.